Karani wa Kupe

Jumatatu, Machi 14, 1966. Kehancha

Nimefika pamoja na mvua. Gari la kampuni limenishusha kwa mzee Magige na bomba la kunyunyizia, madebe ya dawa na boksi la fomu, kisha dereva akageuza upesi kabla matope hayajamshika. Chifu ndiye aliyeamua nilale hapa. Mzee Magige ni mrefu, mpole, masikio yake yalitobolewa zamani kabla hajaokoka. Mkewe, mama Kezia, amenipa ugali wa wimbi na maziwa ya mgando, akaniuliza kama Wajaluo tunakula kitu kisicho samaki. Nikasema tunakula. "Basi kula, karani. Usione haya."

Kazi yenyewe ni hii. Kampuni inatengeneza dawa ya kuua kupe. Inataka kujua huku mpakani ni nani ataweza kuinunua, atanunua kiasi gani, na wasiotaka wana sababu gani. Kwa hiyo mimi, Cephas wa Kosele, niliyeshindwa kupata kazi ya ualimu, napita boma kwa boma na fomu. Bwana James, mkubwa wangu aliyeko Homa Bay, anasema hiyo ni sayansi kama sayansi nyingine.

Shajara naandika kwa Kiswahili. Kizungu ni cha ripoti, na Dholuo kikionekana hapa mtu atasema naandika siri. Mimi ni mwoga, sifichi. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mke wangu Roseline ana mimba kubwa. Mimi nataka kicheko.

Jumatano, Machi 16

Siku nzima sijapata jibu moja. Swali la kwanza kwenye fomu ni: una ng'ombe wangapi? Nikiuliza, uso wa mtu unafungwa kama duka. Mmoja alisema "wapo." Mwingine alisema "wa Mungu." Bibi mmoja aliingia ndani, akafunga mlango, na mimi nimesimama mvuani na kalamu yangu.

Jirani wa mzee Magige, anaitwa Mirumbe, ndiye aliyenijibu kwa kirefu. Ni mtu mfupi mwenye mabega mapana na zizi kubwa kuliko yote upande huu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Karani, kwenu mgeni akikuuliza mke wako analala upande gani wa kitanda, wewe unamjibu?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikaikunja fomu.

Mzee Magige amenieleza tukila. Anayetaka kujua idadi ya ng'ombe ni watu wawili tu: wa kodi na mwizi. Na hata kama si hao, mali ikihesabiwa kifo kinasikia. Nikamwambia kwetu ni hivyo hivyo, mama yangu hahesabu hata vifaranga, na mtu hataji idadi ya watoto wake. "Kumbe unajua," akasema. "Sasa mbona unauliza?" Nikasema ni kazi. Nimesoma misheni, hesabu nilifaulu, mambo ya kifo kusikia nimewaachia wazee.

Jumamosi, Machi 19

Bwana James amepita, amekasirika. "Mtu akikataa kusema, mtazame. Kuuliza ni njia moja tu. Nenda wanakonywesha ng'ombe."

Machi 21

Nimekaa kichakani kando ya kivuko, natazama ng'ombe wakinywa. Wanachanganyika, wanasukumana, hujui wa nani ni wa nani. Wachungaji wameniona. Mmoja amepiga mluzi, na ng'ombe wote wakaondolewa. Nimerudi mbio. Sikukimbizwa na mtu, nilikimbia tu.

Jumanne, Machi 22

Nimeipata! Leo nina raha, acha niandike.

Huku ng'ombe hahesabiwi, lakini anatajwa. Muulize mtu, "Huyu mwenye baka mgongoni mlimpata wapi?" na utakaa hapo mpaka jua lichwe. Atakuambia mama yake, nyanya yake, na binti aliyeolewa ndipo huyu akaja. Kwa hiyo sijauliza namba tena. Nimebeba punje za mahindi mfuko wa kulia. Mtu akitaja ng'ombe, nahamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Nikifika njiani nazitoa, najaza fomu. Kila mtu amefurahi, hakuna aliyehesabu chochote mbele ya mwenzake.

Mirumbe ndiye aliyenifurahisha kuliko wote. Alianza kwa kuninunia, akaishia ameshika bega langu. Kuna dume mwenye pembe moja iliyotazama chini. Kuna mweupe tumboni, mkali kwa wageni, lakini maziwa yake yanajaza kibuyu. Kuna mwekundu aliyemzalia mapacha. Akanionyesha nani ana mimba na nani amekauka. Mke wake alimwita chakula, hakusikia. Mtu akisifia ng'ombe wake anakuwa kama bwana harusi.

Mwishoni akaniuliza, "Mbona mkono wako hautoki mfukoni?"

"Baridi, mzee."

"Mwili wako mwembamba," akasema, na akamwagiza mwanawe mkubwa anisindikize. Njia nzima sikuutoa mkono mfukoni.

Jumatatu, Machi 28

Nimeanza majaribio. Madebe mekundu yana dawa ya zamani ya kampuni, ya buluu yana mpya. Nusu ya ng'ombe wa boma nawanyunyizia hii, nusu ile, na baada ya siku kadhaa narudi kuchungulia masikioni, nahesabu kupe. Wenyewe hawaambiwi ipi ni ipi, wasije wakanijibu kwa kunipendeza.

Mama Kezia alipoona naandika, akashtuka. "Unahesabu tena?"

"Kupe, mama. Kupe tu."

"Ah, hao hesabu utakavyo. Wakifa tutakuchinjia kuku."

Sasa jina langu ni karani wa kupe. Watoto wananiimbia. Sichukii.

Aprili 2

Mvua. Debe moja limevuja, mikono inawasha.

Aprili 5

Mvua. Mto Migori haupitiki. Barua ya Roseline haijafika. Yawa, kama amejifungua sijui.

Jumamosi, Aprili 9

Nimekwenda kanisani kwa Wasabato na mama Kezia. Mirumbe si mtu wa kanisa, lakini tulimpita njiani akanisalimu kwa mkono. Akasema dawa ya debe la buluu ni kali, ng'ombe wake wamepumzika. Nilitaka kumwambia hiyo ndiyo mpya, nikaumeza ulimi. Nimeanza kuwapenda watu hawa. Hata usingizi umerudi.

Alhamisi, Aprili 14

Nisamehewe mwandiko.

Leo adhuhuri mvua ilikuwa inapiga kiasi kwamba huoni zizi kutoka mlangoni. Nilikuwa ndani nachanganya dawa. Tukasikia yowe upande wa malisho. Mzee Magige alidondosha kikombe, akachukua upinde ukutani, akatoka bila kofia. Wanaume walitoka kila boma, hakuna aliyeuliza kitu. Mimi nilibaki nimesimama na mwiko wa dawa. Mama Kezia akanisukuma nyuma ya gunia la wimbi, akasema, "Kaa hapo, usitoke." Nilikaa hapo. Sikutoka hata mvua ilipoisha.

Wamechukua ng'ombe wa Mirumbe. Wezi walitokea ukunguni wakiwa wengi, wakapiga mishale. Mwanawe mkubwa, yule aliyenisindikiza, amechomwa mshale pajani. Amebebwa nyumbani kwa kitanda cha miti. Nimemsikia akipita, alikuwa anamwita mama yake.

Lakini kilichonitisha ni hiki. Hawakuchukua wote. Walichagua. Mwekundu wa mapacha wamekwenda naye. Mweupe tumboni pia, na wenye mimba. Waliokauka wameachwa wanakula majani. Jioni Mirumbe alikuja uani kwetu, matope mpaka kifuani, akasema na mzee Magige kwa Kiswahili ili na mimi nisikie:

"Walijua nani anatoa maziwa. Walijua nani ana mimba. Mimi nilimwambia mtu mmoja tu."

Hakunitazama. Afadhali angenitazama.

Ijumaa, Aprili 15

Vijana walifuata nyayo kuelekea Ogwedhi. Mvua imezifuta. Wamerudi mikono mitupu.

Aprili 16

Hakuna aliyeniita karani leo. Hakuna aliyeniita chochote.

Aprili 17

Mvua.

Jumatatu, Aprili 18

Nimekwenda kuchota maji, na wanawake wakanyanyua vyungu vyao nusu tupu, wakaondoka. Nilipiga hodi boma la kwanza nikachungulie kupe. Mwenye boma akasimama mlangoni, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Sikusubiri kujua ameshika nini.

Mama Kezia ameniambia yote, hataki kunidanganya. Wanasema mimi ni macho ya wezi. Wanasema kampuni ni jina tu. Nilikaa kichakani kivukoni, nikaonekana. Nilimfanya kila mtu ataje ng'ombe wake mmoja mmoja. Bomba langu linanuka ili wezi wafuate harufu. Na kijana wa Mirumbe ana homa, paja limevimba. "Akifa," mama Kezia akasema, kisha akaanza kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

"Akifa nini, mama?"

"Utaniuliza mpaka lini, mwanangu?"

Jumatano, Aprili 20

Nimemwambia mzee Magige habari ya punje. Nilitaka aisikie kwangu kabla hajaisikia kwa mwingine. Tulikuwa zizini, yeye anasafisha kwato za ndama. Nilimweleza mfuko wa kulia na mfuko wa kushoto. Mvua ilikuwa inamwagika kwenye kofia yake.

"Za kwangu pia?"

"Za kwako pia, mzee."

"Basi usiniambie ni ngapi."

Akaendelea na ndama. Haki ya Mungu, angenipiga kofi ningepumua.

Nimewaza sana. Mimi siwajui wezi. Lakini nilikuwa naongea njiani, sokoni, dukani kwa chai. Nilijisifu kwa yeyote aliyenisikiliza jinsi Mirumbe alivyo na ng'ombe wazuri, nikawataja kwa rangi zao. Niliona naitangaza dawa. Sijui ni nani alikuwa anakunywa chai meza ya nyuma. Huenda hayupo. Huenda yupo. Hilo ndilo linaloniamsha.

Aprili 22

Sikulala. Sikula.

Jumapili, Aprili 24

Baraza limeitwa, lile wenyewe wanaloliita iritongo. Ni keshokutwa. Kwa desturi yao mgeni ni mzigo wa mwenyeji. Kwa hiyo atakayesimama si mimi, ni mzee Magige. Atatakiwa aape mbele ya watu kwamba hakumfuga mpelelezi. Anaapa kwa watoto wake na kwa mifugo yake. Kiapo kikiwa cha uongo, kinawala hao kwanza, yeye anabaki kutazama.

Nilimwambia, "Mzee, si uongo. Mimi si mpelelezi."

"Unajua hivyo," akasema. "Mimi naamini hivyo. Kuapa kunataka kujua."

Jumatatu, Aprili 25

Bwana James amefika. Amefika ng'ambo! Mtu wa chifu alinikimbilia kuniambia, nikashuka kivukoni nimevaa koti la mvua tu na viatu mkononi. Gari lilikuwa limesimama upande wa pili, na Bwana James juu ya jiwe, mikono mdomoni kama tarumbeta. Maji katikati yanapita na magogo.

"Cephas! Njoo sasa hivi! Wana kamba, watakuvuta!"

"Nina baraza kesho!"

"Baraza la nini? Wewe si mtu wao! Chukua fomu, uje!"

Kweli kulikuwa na vijana wawili wa ng'ambo na kamba nene, na mtumbwi mdogo. Ningekuwa Kosele kesho. Ningemshika Roseline tumbo. Niliweka mguu mmoja majini, ulikuwa wa baridi mpaka kwenye mfupa. Nikafikiri: nikivuka, mzee Magige ataapa peke yake, na hakuna mtu duniani atakayeamini kiapo cha mtu ambaye mgeni wake amekimbia. Watamfukuza hapa na wajukuu wake. Nilifikiri hivyo, na bado mguu ulibaki majini. Acha niseme ukweli, nilitaka kwenda. Nilitaka kwenda kwa mwili wote.

Nikageuza kichwa. Mirumbe alikuwa ameketi mteremkoni, upinde juu ya magoti. Hakuutega. Alikuwa ananitazama tu, kama mtu anayengoja ugali uive.

Nikatoa mguu. Sijui kama ni huruma au hofu iliyonitoa. Nadhani hofu ilikuwa na mkono mrefu zaidi. Nilimpita Mirumbe karibu sana, nikasema, "Shikamoo." Hakuitikia. Bwana James alikuwa bado anapiga kelele nyuma yangu, na maneno hayasikiki.

Jumanne, Aprili 26

Nimerudi hai. Mama Kezia amenipa uji na ameniacha niandike, nafikiri anaona nisipoandika nitapasuka.

Baraza lilikaa mteremkoni, mbele ya boma la Mirumbe, watu wamejifunika magunia kwa ajili ya manyunyu. Kijana wake alikuwa ndani, tulikuwa tunasikia akikoroma kwa homa. Mzee Magige alisimama katikati, amevua kofia. Mzee wa baraza aliyetakiwa kuongoza kiapo alikuwa ameanza kusema naye, ndipo Mirumbe akanyoosha mkono.

"Ngoja. Huyu karani anajua ng'ombe wetu wote. Sisi hatujui hata mbuzi wake. Kabla Magige hajaweka watoto wake hapo, na karani naye ajibu maswali."

Wakakubali. Nikasimama.

"Kwenu wapi?"

"Kosele."

"Ng'ombe wa baba yako. Wataje."

Nikawataja. Mwekundu aliyekatwa mkia na fisi. Dume la jicho moja. Mtamba mweusi ambaye baba amemweka amalizie mahari ya Roseline. Kila nikimtaja mmoja, nilimwona anatoka mlangoni kwetu anakwenda na mtu nisiyemjua. Kulikuwa na watu pale nisiowajua kabisa, wa kutoka mbali, na wote walikuwa wanasikiliza vizuri sana.

"Nani anamkamua mwekundu?"

"Mama."

"Nani analala karibu na zizi?"

"Baba. Peke yake. Mguu wake mmoja ni mbaya."

Nilipolisema hilo nilitamani kulirudisha. Ndivyo nilivyomfanyia Mirumbe, na sikujua kwamba inauma hivi.

"Una watoto?"

"Nina binti, Dolphine. Na mke wangu..." Nikanyamaza.

"Na mke wako?"

"Ana mimba."

"Basi una wangapi? Kampuni inataka namba. Na sisi leo tunataka namba. Sema ni wangapi."

Ni swali la mtoto wa darasa la kwanza. Nilifungua mdomo. Mdomo ulikataa. Nilijilazimisha, nikaona Roseline amelala na mvua inanyesha, na mimi huku nawaweka watoto wake kwenye namba mbele ya watu wenye pinde, na mtoto mmoja hata jua hajaliona. Hesabu nilifaulu misheni. Hesabu yote ilinikimbia.

"Sisemi," nikasema.

"Kwa nini husemi?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Nakuogopa wewe. Namwogopa huyo aliyesimama nyuma yako, simjui. Naogopa asije aliye tumboni akasikia anahesabiwa kabla hajatoka. Nipigeni mkitaka. Sisemi." Na nikaanza kulia, mtu mzima, mbele ya wanawake. Andika hilo pia, Cephas.

Mzee Magige alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mirumbe alinitazama, na mara ya kwanza tangu siku ile ya wizi alinitazama machoni.

"Mwizi angetaja namba yoyote," akasema. Aliwageukia wenzake. "Mwizi angesema sita, angesema kumi, angekwenda zake. Huyu anaogopa kama sisi. Magige, vaa kofia yako."

Watu wakaguna, wengine wakakataa, maneno yakawa mengi kwa lugha yao. Lakini kiapo hakikuliwa. Mzee Magige akakaa chini pale pale, na mimi nikamshika mkono kumwinua.

Mirumbe alinipitia wakati watu wanatawanyika. "Ng'ombe wangu hawajarudi," akasema. "Na wewe sikupendi. Kijana wangu akifa, nitakuuliza tena, na si kwa baraza."

Aprili 27

Homa ipo.

Aprili 28

Homa ipo. Mzee Magige amekwenda kumwona. Mimi nimekatazwa kufika.

Jumamosi, Aprili 30

Paja limetumbuka usaha. Amekula uji. Mama Kezia amerudi na habari akicheka na kulia pamoja, na mimi nimeketi chini pale pale nilipokuwa.

Jumanne, Mei 3

Mto umepungua, gari la Bwana James limevuka. Mama Kezia amenifungia maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Mzee Magige aliniaga zizini, mkono wake mmoja juu ya mgongo wa ng'ombe, akaniambia nimsalimie Roseline, basi.

Garini nimempa Bwana James hesabu ya kupe, sikio kwa sikio, buluu na nyekundu. Dawa mpya ni bora, hilo hana shaka. Akaniomba ya ng'ombe. Nikamwambia hakuna. Fomu hizo nilizichoma jikoni kwa mama Kezia. Akanitukana kwa Kizungu kwa muda, akasema utafiti bila ukubwa wa soko ni upuzi, na kwamba mwezi ujao hataniita. Nikasema sawa.

Kivukoni Mirumbe alikuwa amesimama, kijana wake kando yake ameegemea fimbo. Gari lilipita karibu nao kabisa, maji ya matope yakawarukia, hawakusogea. Nilitaka kushusha kioo. Sijui kama alikuja kuniaga au kuhakikisha nimeondoka. Sikuuliza.